Shukrani za Kikosi cha Rangi Mbili

Namna nilivyofika nchi ya Kiwiliwili haina faida kwa msomaji, na mimi mwenyewe sipendi kuisimulia. Itoshe kusema kwamba nilifika, kwamba kazi yangu ni kukagua maji, na kwamba sijawahi kukaa katika nchi yoyote zaidi ya wiki mbili bila miguu kuanza kuniwasha. Kiwiliwili nilikaa siku kumi na saba. Nilitoka huko nimekonda, nina hasira, na hadi leo nikipewa maji ya kunywa nayatazama kwanza.

Nchi hiyo inatawaliwa kutoka Kichwani, mji ulioko juu kabisa, ambako Baraza huketi na kuteremsha amri bila lenyewe kuteremka. Wakuu wa Kichwani hujivunia kwamba hawajawahi kufika Figoni. Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za choo mezani, akasema kwamba mtu mwenye heshima zake hafuatilii maji machafu yanakokwenda. Nilimwambia kwamba mimi ndiyo kazi yangu. Akanipa pole.

Figoni ni miji miwili midogo inayotazamana, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa Uti wa Mgongo, na wakazi wake wote ni wachujaji. Maji ya nchi nzima hupita kwao mara nyingi kwa siku. Wana machekeche yasiyo na idadi, yaliyosukwa kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba sikuziona mpaka nilipoinama. Kila chekeche lina mfereji wake, na kati ya mifereji kuna vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Chumvi, sukari na kila chenye kazi hurudishwa nchini. Taka huteremshwa kwenye bwawa la Kibofu, na kutoka hapo nje ya mipaka. Hakuna siku ya mapumziko. Niliuliza kama wamewahi kugoma, wakacheka wote kwa pamoja.

Nilipangiwa kwa Bi Mashavu, msimamizi wa machekeche ya mji wa kushoto, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na asiyependa kurudia neno. Aliishi na mdogo wake, Tatu, aliyekuwa kinyume chake kwa kila kitu. Tatu alifanya kazi huku akipiga mluzi, na alinitania tangu saa ya kwanza.

"Mgeni, kaa chini basi," aliniambia. "Ukiendelea kuzungukazunguka hivyo utatutibulia maji."

Nilikaa. Baada ya dakika mbili nikasimama tena, naye akamkonyeza dada yake.

Nchi ilikuwa vitani. Wavamizi walikuwa wameingia jimbo la Mapafuni, wakajichimbia humo, wakawa wanazaana kwa kasi ya kutisha, na Baraza likakodi jeshi kutoka nje: Kikosi cha Rangi Mbili, askari waliovaa nyekundu juu na njano chini. Waliingia kwa lango la Mdomo mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane, na mkataba wao ulikuwa wa siku kumi. Nilipofika mimi ilikuwa siku ya tatu. Nisiwasingizie: walipigana vizuri. Mapafuni palikuwa pameanza kupumua.

Kuna sheria huko iitwayo Sheria ya Kukamilisha. Kikosi kikikodiwa kwa siku kumi, ni siku kumi, hata kama adui haonekani tena. Mwanzoni niliiona ya kipuuzi, lakini nilipoelezwa historia yake niliikubali. Zamani watawala walikuwa na tabia ya kuwafukuza askari siku ya tatu, mara tu mambo yanapopoa, na wavamizi waliobaki vichakani wakarudi wakiwa wagumu mara mbili, wamekwisha kuzijua mbinu zote za kikosi. Kwa hiyo sheria ilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kwamba waliitunga bila mlango wa dharura.

Sasa nieleze desturi iliyozaa balaa. Askari wa kikosi hawakai nchini. Kila mmoja, akimaliza zamu yake, hutoka kwa njia ya Figoni, na wachujaji humwogesha matope ya vita kabla hajashushwa Kibofuni. Naye, kwa shukrani, huchana kipande cha vazi lake, kitambaa chenye nyekundu na njano, akakipachika kwenye bega la aliyemwogesha. Kukikataa ni tusi. Kukivua kabla kikosi hakijamaliza mkataba ni tusi kubwa zaidi. Kufikia siku ya sita sikuona Figoni bega lisilo na rangi mbili. Tatu alikuwa navyo saba, na alitembea akivitikisa kama bibi harusi.

Nilimuuliza Bi Mashavu kama vikosi vya zamani navyo vilifanya hivyo.

"Vingine vilifanya," alisema. "Vingine hata havikupita huku, vilitokea upande wa Ini. Hawa wana adabu kupita kiasi."

"Na walinzi wenu wanasemaje?"

"Walinzi hawasemi. Walinzi wanapiga."

Hao ndio Walinzi Weupe, jeshi la nchi yenyewe, watu jasiri na wepesi wa miguu, ambao nilivutiwa nao hadi nilipokisoma kiapo chao. Kiapo kina mstari mmoja: *Tazama nguo, usitazame uso.* Wanafundishwa kwamba uso hudanganya lakini nguo haidanganyi, na mlinzi anayemuuliza mtu jina kabla ya kumpiga hushushwa cheo. Kikosi kilipokuwa Mapafuni walinzi waliambiwa wakifumbie macho, nao wakatii. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia kitu chochote kuhusu Figoni.

Siku ya nane, asubuhi ya kawaida kabisa, doria ya walinzi ilipita Figoni kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Nilikuwa kwenye ukingo wa mfereji nikipima kasi ya maji. Mlinzi wa mbele alisimama ghafla. Aliyatazama mabega ya wanawake waliokuwa wameinamia machekeche yao, nyekundu na njano, nyekundu na njano, mpaka mwisho wa safu. Kisha akapuliza filimbi.

Walikuja kwa mamia. Walijaa vichochoroni, wengine wamevaa makoti ya waridi ambayo huvaliwa tu wanapopambana na kitu wanachokichukia kwa moyo wote. Waliwapiga wachujaji kwa virungu wakiwaita wageni. Bibi mmoja alilia kwamba amezaliwa pale pale, na mlinzi akamjibu, bila hasira hata kidogo, kwamba wavamizi wote husema hivyo. Kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na walinzi wakawa hawatoki ila wanaongezeka tu, kuta zilianza kuvimba, mifereji ikabanwa, na maji yakawa yanasimama. Safu aliyofanyia kazi Tatu ilikuwa katikati kabisa. Nilisikia mluzi wake mara moja, wa kuita, halafu sikuusikia tena.

Bi Mashavu alijaribu kupita. Nilimshika mkono, na nakiri kwamba nilimshika kwa woga wangu mwenyewe. Aliitazama ile mikono yangu mpaka nikamwachia, lakini kichochoro kilikuwa kimeziba.

"Tatu!" aliita. "Tatu, vua kitambaa!"

Hatukujua kama alisikia.

Walinzi, wakiwa kazini, huwasha mioto. Kwa hiyo joto lilipanda nchi nzima. Ukuta wa mpaka, uitwao Ngozi, ukatoka madoa mekundu kutoka mwisho hadi mwisho. Mabawaba ya nchi yakaanza kuuma, milango ikawa haifunguki bila kelele. Na sasa angalia akili ya wakuu. Taarifa zinazopelekwa Kichwani huandikwa katika fomu yenye swali moja: *Je, kuna joto?* Wakijibu hapana, maana yake tumeshinda. Wakijibu ndiyo, maana yake wavamizi bado wapo. Mpeleka habari alijibu ndiyo, kwa sababu joto lilikuwepo. Baraza likakata shauri kabla ya chakula cha mchana: wavamizi wamerudi, Kikosi cha Rangi Mbili kiongezewe siku kumi nyingine, na askari waje maradufu.

Askari waliongezeka, wakatoka Figoni, wakaogeshwa na wachache waliobaki wamesimama, wakatoa vitambaa. Walitoa kwa machozi, kwa sababu waliona hali ya wale wanawake wakataka kuwafariji. Walinzi wakaona rangi mbili zimeongezeka, wakaita wenzao.

Mimi sikuweza kula. Nilienda mbele nikarudi nyuma. Nilikunywa maji ya kisima kwa sababu hapakuwa na mengine, na kufikia kesho yake mwili wote uliniwasha, mdomo ukawa na ladha ya chuma, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa. Nchi nzima ilikuwa inakunywa yale yale. Siku hiyo Bi Mashavu alishuka hadi mlango wa Kibofu, akakinga kikombe, akasubiri. Alisubiri tangu jua lilipochomoza hadi adhuhuri. Kikombe hakikujaa.

"Twende," aliniambia.

"Wapi?"

"Wewe si ni mkaguzi? Ukakague Kichwani."

Baraza tulilikuta limeketi. Nilitegemea wakuu wenye akili kali, nikawakuta watu wanaosinzia. Mmoja alikuwa akijikuna mgongo kwa rula. Mwingine alianza sentensi mara tatu, akasahau anachotaka kusema mara zote tatu, na wenzake wakampigia makofi. Nilielewa mara moja kilichowapata, maana kilikuwa kimenipata mimi pia, lakini wao waliliita jambo hilo uchovu wa uongozi.

Waziri wa Kukodi, Bwana Dihenga, ndiye pekee aliyekuwa macho. Alitusikiliza kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Mama," alisema, "unataka kunishawishi kwamba kikosi kilichotuokoa ndicho kinachotuua?"

"Sikusema kinatuua. Nimesema kiondoke."

"Kimewaua wavamizi au hakikuwaua?"

"Kimewaua."

"Basi ni kizuri."

"Ni kizuri, Bwana Waziri. Kiondoke."

Kukawa na zogo. Mjumbe mmoja alitaka ieleweke kwamba kitu kizuri hakiwezi kuleta baya, la sivyo kisingeitwa kizuri. Mwingine alishauri iundwe tume ya kuchunguza kama Figoni walikuwa wagonjwa tangu zamani wakaficha. Wa tatu aliuliza Figoni ni wapi. Jemadari Kirungu, mkuu wa walinzi, alisimama akapiga kifua na kusema vijana wake wanafanya kazi nzuri mno, kwamba hawajapata kuona wageni wengi kiasi kile mahali pamoja.

"Si wageni!" nilisema. Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Ni watu wenu. Wamevalishwa vitambaa na askari wenu wa kukodi, na nyinyi mnawapiga kwa sababu ya kitambaa!"

"Wanavaa nguo za kigeni kwa nini?" aliuliza Jemadari, na aliuliza kwa dhati.

"Kwa sababu tulifundishwa adabu," alijibu Bi Mashavu.

Bwana Dihenga aliinua mkono. Alisema mkataba una siku kumi na moja zaidi, kwamba Sheria ya Kukamilisha iliandikwa kwa damu ya waliokatisha vita kabla ya wakati, na kwamba hawezi kuivunja kwa ajili ya malalamiko ya mtaa mmoja. Na kwa kweli hakuwa mjinga. Aliogopa Mapafuni, na haki ya kuogopa alikuwa nayo. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba sikuweza hata kumchukia vizuri.

Bi Mashavu hakubishana. Aliweka kile kikombe mezani, mbele ya Waziri. Ndani mlikuwa na maji kidogo, mazito, ya rangi ya chai iliyokaa.

"Nini hiki?"

"Ndiyo yote yaliyotoka katika nchi yako leo," alisema. "Mengine yote umeyanywa wewe, na hawa."

Yule mjumbe wa rula aliacha kujikuna. Bwana Dihenga alikitazama kikombe muda mrefu, kisha akatazama glasi yake mwenyewe, iliyokuwa nusu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama Mapafuni bado kuna wavamizi, wa kuonekana kwa macho, si wa kwenye fomu. Ikabidi mtu atumwe kutazama. Alirudi kabla ya alasiri akasema wamebaki wachache, wamejikunyata pembeni, na kwamba lile joto halitoki huko hata kidogo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na haraka hiyo iliniudhi, maana ingewezekana tangu jana yake. Kikosi cha Rangi Mbili kiliambiwa kisiingie tena, hata zamu ya jioni. Kwa wavamizi waliobaki Waziri alikodi kikosi kingine cha watu wanyamavu waliokuwa wakitoka nchini kwa upande wa Ini na ambao hawakumpachika mtu chochote. Jemadari Kirungu alipewa Amri ya Utulivu, amri chungu, inayowataka walinzi wote, wema na wabaya, kuweka virungu chini kwa wiki kadhaa na kuyaacha malango mengine na ulinzi mdogo. Aliitia sahihi akilia. Nadhani alikuwa ameanza kufahamu aliowapiga ni nani.

Walinzi walitoka vichochoroni mmoja mmoja, wakiwa wamenywea. Kuta zilianza kushuka. Siku ya pili mfereji wa kwanza ulitiririka, na watu wa Figoni waliokuwa hai wakakaa pembeni yake wakiusikiliza tu. Mimi nililia. Mwili uliacha kuniwasha polepole.

Safu aliyokuwamo Tatu ilifunguliwa mwisho. Machekeche yake yalikuwa yameshikana, magumu, hayapitishi kitu, na wachujaji wake hawakuwa wamesalia. Tatu alikuwa ameegemea ukuta. Vitambaa vyake vyote saba vilikuwa vimevuliwa, vimekunjwa vizuri, amevikalia. Alikuwa amesikia. Alivivua, na walinzi waliendelea kumpiga, kwa sababu kufikia hapo walikuwa wamekwisha kumzoea kama adui.

Bi Mashavu alimwosha mwenyewe. Ile safu ilijengewa ukuta. Wachujaji wa safu nyingine walijigawia kazi yake juu ya kazi zao.

Kichwani walifanya sherehe. Kikosi cha Rangi Mbili kilisomewa hotuba ya shukrani kikiwa hakipo, na Bi Mashavu akaalikwa apokee cheti. Alipanda, akauliza jambo moja tu: jina la kikosi kile litaandikwa wapi, ili kisiitwe tena?

Bwana Dihenga alionyesha daftari kubwa lenye jalada la ngozi. Limeandikwa tayari, alisema, ukurasa mzuri kabisa.

"Na Mdomoni?"

"Mdomoni hawasomi daftari hili, mama. Hili ni la Kichwani."

"Basi wale wa nje watajuaje?"

Hapo nikafahamishwa sheria ya mwisho, ambayo nusura inipandishe wazimu. Nchi ya Kiwiliwili hairuhusiwi kuwatamkia wageni wake waliosaidia jambo lolote isipokuwa asante. Kuwaambia wakodishaji wa nje kwamba kikosi chao kiliwadhuru watu ni utovu wa fadhila, ni kujifanya unajua kazi yao kuliko wao. Bwana Dihenga alieleza hivyo kwa aibu kidogo. Alisema tutegemee wataulizia wenyewe. Niliuliza kama waliwahi kuulizia. Akasema huwa wana haraka.

Bi Mashavu alikiacha cheti mezani. Hakurudi Figoni. Alikwenda moja kwa moja hadi lango la Mdomo, akaketi kwenye kizingiti, nami nikaketi naye, na huo ndio muda mrefu zaidi niliowahi kukaa mahali pamoja maishani mwangu. Mlinda lango, kijibwana mkarimu aitwaye Ulimi, alituomba tuondoke mara nyingi. Tulikaa siku tatu.

Siku ya tatu mafua yalipiga Puani. Mafua matupu, ya makamasi na kupiga chafya, ambayo hakuna kikosi duniani kinachoyaweza na ambayo huondoka yenyewe. Lakini mtu fulani wa nje, kwa wema wake, alikuwa amekwisha kuagiza msaada. Nililiona vumbi kwanza, halafu rangi. Nyekundu juu, njano chini, safu nadhifu, wanaimba.

Ulimi alianza kufungua. "Karibuni, karibuni sana," alisema, kama alivyozoea. "Asanteni kwa kuja."

Bi Mashavu alimsukuma, akasimama katikati ya lango. Alikuwa mfupi kuliko bawaba. Nilijua anavunja sheria, na kwamba kama askari wale wangeamua kupita wangempita.

"Nyinyi ni Kikosi cha Rangi Mbili," alisema kwa sauti iliyofika nje. "Mlikuja hapa. Mliwapiga wavamizi, nami nawashukuru. Mkapita kwangu mkatuvalisha, na kwa ajili hiyo watu wangu wamekufa. Mdogo wangu amekufa. Msiingie nchi hii tena. Leo, kesho, hata mkiitwa na nani. Mwambieni na aliyewatuma."

Ulimi aliziba masikio. Wimbo ulikatika. Nahodha wa kikosi, kijana mwenye uso wa upole, alimtazama, kisha akayatazama mabega yake yasiyo na kitu. Alivua kofia.

"Mama, hatukujua," alisema. "Tumepita nchi nyingi. Hakuna aliyewahi kutuambia."

"Ndiyo nawaambia," alisema Bi Mashavu, na hakutoka langoni mpaka askari wa mwisho alipogeuka.